Ndege Zilizoruhusiwa Kuanguka

Vitabu vingi vya historia ya urukaji huzipa ndege za mfano aya moja, tena mwishoni, kana kwamba kwanza ilikuja ndege ya kweli na baadaye watu wenye muda wa ziada wakaiiga kwa vijiti na karatasi. Tarehe zinakataa. Mwaka 1804 Mwingereza George Cayley alirusha chombo cha urefu wa kama mita moja na nusu, chenye bawa la tiara mbele na mkia unaorekebishika nyuma, karne nzima kasoro mwaka mmoja kabla ya ndugu wa Wright kupaa Kitty Hawk. Mwaka 1871, katika bustani ya Tuileries jijini Paris, Mfaransa Alphonse Pénaud aliachia ndege ya gramu 16 iliyoendeshwa na mpira uliosokotwa. Ilikwenda makumi ya mita kwa sekunde 11, na njiani ikajisawazisha yenyewe kwa sababu mkia wake ulitegwa kwa pembe ndogo kuliko ya bawa. Miaka saba baadaye Askofu Milton Wright aliwaletea wanawe Wilbur na Orville kidude cha kupaa kwa mpira, cha aina aliyoibuni Pénaud huyo huyo. Kidogo, basi, ndicho kilichotangulia kikubwa. Lakini hoja yangu haikomei kwenye kutangulia. Nashikilia kwamba ndege ndogo, hasa ile inayoundwa nyumbani na kuongozwa kwa redio, iliupa urukaji kitu ambacho ndege yenye abiria haiwezi kamwe kuupa: nafasi ya kuanguka bila mtu kufa na bila mtu kufilisika. Na nafasi hiyo humfaa zaidi yule aliyezikata mbao kwa mkono wake.

Kabla ya redio, nafasi hiyo ilikuwa finyu. Ukiachia ndege ya mpira, inakwenda inakotaka, na unachojifunza ni jumla ya makosa yako yote kwa pamoja bila kujua lipi limefanya nini. Kilichokosekana ni mkono wa kuifuata angani. Nikola Tesla alikwisha kuonyesha mwaka 1898, katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, mashua ndogo iliyotii amri za redio, lakini mashua hubebwa na maji, na betri ya risasi ndani yake si tatizo. Ndege haina msamaha wa namna hiyo. Ilibidi kungoja injini ndogo za petroli za miaka ya 1930, kama ile ya William Brown wa Philadelphia, ambayo kijana Maxwell Bassett aliitumia kushinda mashindano ya taifa ya Marekani mwaka 1933, ndipo ndege ya mfano ikapata nguvu za kubeba vali za redio, betri na waya. Mwaka 1937 mambo yalianza kutokea kwa mkupuo. Ross Hull na Clinton DeSoto, watu wa redio za ridhaa, walirusha nyiririko zao zisizo na injini huko Connecticut zaidi ya mara mia moja. Kalamazoo, Michigan, mapacha Walter na William Good walirusha ndege waliyoiita Guff: mabawa ya mita 2.4, uzito wa karibu kilo 4. Walter alikuwa mjuzi wa kuunda ndege, William mjuzi wa redio, na mgawanyo huo wa kazi ndani ya nyumba moja ulifanya ujuzi ambao kwa kawaida ulitengana ukae kwenye meza moja. Guff imehifadhiwa leo katika makumbusho ya taifa ya anga ya Smithsonian.

Ukiitazama Guff kwa makini, utaona jinsi redio ilivyochora umbo la ndege. Mabawa yake yako juu ya kiwiliwili, na kila upande umeinuliwa kuelekea ncha, ili upepo ukiilaza upande mmoja, bawa la chini lipate mnyanyuo zaidi na kuirudisha. Mkia ni mkubwa, kitovu cha uzito kiko mbele vya kutosha, na ndege inaweza kuruka hata kama hakuna anayeiongoza. Halikuwa suala la urembo. Redio ya wakati ule ilikatika mara kwa mara, vali zilivunjika, betri zilififia kwa baridi, hivyo mwundaji aliyetaka kuiona tena kazi yake alilazimika kuijenga kama ndege huru ambayo redio huiomba tu igeuke. Na kweli ilikuwa ni kuomba. Kwa miaka mingi amri ilikuwa moja tu: mawimbi yapo au hayapo. Ndani ya ndege, gurudumu dogo lililovutwa na mpira uliosokotwa lilizuiliwa na sumaku. Mwongozaji akibonyeza kitufe, sumaku inaachia, gurudumu linazunguka hatua moja na usukani wa mkia unakwenda kulia. Akiachia, unarudi katikati. Akibonyeza tena, unakwenda kushoto. Mwongozaji alipaswa kukumbuka mgeuko wa mwisho ulikuwa upande gani, kwa sababu akisahau, amri ya kuiokoa ndege ndiyo itakayoitia ardhini. Kupanda na kushuka kulifuata mipangilio ya injini na ya mkia iliyofanywa kabla ya kuruka. Watu walijifunza hapo, kwa mikono yao, uhusiano kati ya uthabiti na utiifu: ndege thabiti mno haitii, na ndege tiifu mno haijitunzi. Wahandisi wa ndege kubwa hukumbana na uhusiano huo huo kwa hesabu. Hawa waliufahamu kwa mabawa yaliyopasuka.

Miaka ya 1950 ikaja na redio za vibapa. Kitumaji kilipeleka sauti kadhaa tofauti, na ndani ya kipokezi vibapa vyembamba vya chuma vya urefu mbalimbali vilitetemeka, kila kimoja kwa sauti yake tu, kikafunga mkondo wa mota yake. Sasa mtu aliweza kuamuru usukani, mkia, vibao vya mabawa na injini kila kimoja peke yake, ingawa bado kwa kikomo: kibao kinakwenda mpaka mwisho au hakiendi. Umbo la ndege likabadilika papo hapo. Ed Kazmirski wa Marekani alipotwaa ubingwa wa kwanza wa dunia mwaka 1960 huko Uswisi, ndege yake Orion ilikuwa na mabawa chini ya kiwiliwili, kwa kuwa uthabiti wa kupindukia haukuhitajika tena. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Doug Spreng na Don Mathers huko California walitengeneza mfumo ambamo kila kibao kinapata pigo fupi la umeme, na urefu wa pigo ndio amri yenyewe: milisekunde moja mpaka mwisho wa upande huu, mbili mpaka mwisho wa upande ule, moja na nusu katikati. Mota ndogo ndani ya ndege, iitwayo servo, hulinganisha pigo hilo na mahali kibao kilipo, kisha hukisogeza mpaka viafikiane. Utaratibu huo ulienea upesi, na Phil Kraft, mmoja wa waliozitengeneza na kuziuza redio za namna hiyo, alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1967. Jambo ninalolipa uzito ni kwamba lugha hii ya mapigo, iliyobuniwa ili ndege za kuchezea zipinduke angani kwa ulaini, ndiyo inayotumika hadi leo katika mota za servo za roboti za wanafunzi na droni, kuanzia madarasa ya uhandisi ya Nairobi hadi karakana za Shenzhen.

Katika yote hayo, kazi ya mkono haikuwa pambo. Balsa, mti wa Ekwado unaokua upesi mno, una uzito usiofikia hata theluthi moja ya mninga, na unakatwa kwa wembe. Mwundaji huchora mbavu za bawa kwenye karatasi, huzikata, huzipanga juu ya mchoro uliobandikwa ubaoni, huzishika kwa pini na gundi, kisha hulifunika bawa kwa karatasi laini au hariri na kuipaka rangi ya kukaza. Saa nyingi za kazi hiyo ni za kuamua: ubavu huu upunguzwe au la, betri isogezwe mbele ili kitovu cha uzito kikae karibu na robo ya upana wa bawa, mkia uinuliwe nusu digrii kwa kipande cha plaiwudi. Ndege ikianguka, mabaki yanaweza kusomwa. Bawa lililovunjika katikati kwa kukunjika kwenda juu linasema mhimili ulikuwa dhaifu. Mkia uliong'oka angani unasema ulitetemeka. Pua iliyopondeka peke yake inasema redio ilinyamaza au mwongozaji alichanganyikiwa. Aliyenunua ndege nzima huona hasara, lakini aliyeiunda huona pia jibu, kwa sababu anajua kila kiungo kilitakiwa kubeba nini. Gharama ya jibu hilo ni vipande vya mti na jioni chache. Huu ndio uchumi ninaouzungumzia, na sijaona tawi jingine la uhandisi wa kurusha lililoupata.

Ushahidi kwamba uchumi huo ulivuka mipaka ya ridhaa umo ndani ya taasisi yenyewe ya anga ya Marekani. Mapema miaka ya 1960, katika kituo cha majaribio cha NASA kwenye jangwa la California, mhandisi Dale Reed aliamini kwamba chombo kisicho na mabawa, chenye umbo la nusu ya pia, kinaweza kurudi kutoka angani na kutua kama ndege. Wenzake hawakushawishika. Reed, ambaye alikuwa mwundaji wa ndege za mfano, alitengeneza kielelezo kidogo, akakipandisha kwa ndege ya mfano kubwa zaidi, na filamu ya nyumbani ya majaribio hayo ilimshawishi mkurugenzi Paul Bikle. Kilichofuata ni M2-F1, ganda la plaiwudi lililoundwa na fundi wa nyiririko kwa bajeti ya dola 30,000 hivi, likavutwa kwanza na gari la Pontiac juu ya ziwa kavu, na mwaka 1963 likapandishwa na ndege. Mstari kutoka hapo hadi chombo cha Space Shuttle unafuatika. Na Shuttle yenyewe ilipohitaji kubebwa mgongoni mwa Boeing 747 kisha kuachiwa, mhandisi John Kiker wa Houston aliunda vielelezo vya redio vya ndege zote mbili kwa kipimo cha 1 kwa 40, akazirusha zikiwa zimebebana na kuziachanisha, ili kuwatuliza waliohofia kwamba chombo cha juu kingegonga mkia wa kile cha chini. Mwaka 1977 jambo lile lile lilifanywa na watu ndani. Nje ya NASA pia, ndugu wa Boucher, Robert na Roland, waliofanya kazi kwenye ndege za mfano za umeme, walirusha Sunrise tarehe 4 Novemba 1974, ndege ya kwanza kuruka kwa nguvu za jua, ikiwa na seli 4,096 juu ya mabawa. Mota za kampuni yao zilitumika miaka saba baadaye katika Solar Challenger ya Paul MacCready, iliyomvusha mtu mfereji kati ya Ufaransa na Uingereza kwa jua tu. MacCready naye alianza utotoni kwa kuunda ndege za mfano, akivunja rekodi.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja hii ni la kifizikia, na lina jina la Samuel Langley. Tarehe 6 Mei 1896, ndege yake ya mvuke isiyo na mtu, yenye mabawa ya mita 4 hivi, ilipaa juu ya Mto Potomac na kwenda kama kilomita moja. Yalikuwa mafanikio makubwa ya ndege ya mfano, na yalimpatia dola 50,000 za serikali ili aikuze mpaka ibebe mtu. Alipoikuza ilivunjika mara mbili, Oktoba na Desemba 1903, siku tisa kabla ya akina Wright kufaulu. Sababu inafundishwa shuleni: ukizidisha vipimo vyote mara mbili, eneo la bawa linazidi mara nne lakini uzito unazidi mara nane. Zaidi ya hapo, hewa yenyewe hubadilika tabia. Kwa bawa dogo na la polepole, mnato wa hewa una nguvu kubwa zaidi ukilinganisha na mwendo, jambo ambalo wanafizikia hulipima kwa namba ya Reynolds, hivyo umbo la bawa linalofaa kwa ndege kubwa huweza kushindwa kabisa likifanywa la upana wa sentimita kumi na tano. Mtu akisema, basi, kwamba ndege ndogo haiwezi kuifundisha kubwa, ana sehemu ya haki: haiwezi kuifundisha namba. Langley alikosea kwa kudhani kwamba alichopata kilikuwa namba. Reed na Kiker hawakukosea hivyo. Walitumia vielelezo kujibu maswali ya umbo na ya mwenendo, je kitasawazika, je vitaachana bila kugongana, kisha wakaziacha hesabu za ukubwa zifanye kazi yake.

Tena pingamizi hilo lina upande wa pili ambao waliolitoa hawakuutarajia. Kwa kuwa mabawa madogo yana fizikia yao, mtu fulani alipaswa kuichunguza, na kwa miongo mingi viwanda vya ndege havikuwa na sababu ya kufanya hivyo. Waliokuwa na sababu ni waundaji wa ndege za mfano. Mjerumani F. W. Schmitz alichapisha mwaka 1942 kitabu kizima cha aerodinamiki ya ndege za mfano, akionyesha kwa vipimo kwamba katika mwendo mdogo bamba jembamba lililopindwa hushinda bawa nene la kawaida. Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika Chuo Kikuu cha Princeton, Michael Selig na wenzake walipima maumbo kadhaa ya mabawa ya mwendo mdogo katika handaki la upepo, na vipande vilivyopimwa viliundwa kwa mkono na wapenzi wa ndege za mfano waliojitolea, kwa usahihi uliotosha kwa kazi ya kisayansi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1989, na utafiti ukaendelea Chuo Kikuu cha Illinois. Ndege zisizo na rubani zilipoanza kuhitajika kwa wingi, data ilikwisha kuwepo.

Pingamizi la pili halihusu hewa bali vita, na mtu mwaminifu hawezi kulipita kwa haraka. Inasemwa kwamba vali, transista na fedha vilitoka kwa majeshi, na wapenzi walikuwa wapokeaji tu. Na inasemwa pia kwamba walichorudisha kilikuwa silaha. La kwanza ni kweli nusu. Reginald Denny, mwigizaji Mwingereza wa Hollywood, alikuwa na duka la vifaa vya ndege za mfano kabla ya kuwa na kiwanda. Jeshi ndilo lililomfuata kwenye ujuzi huo, na kampuni yake Radioplane ikaunda karibu ndege 15,000 za kufanyia mazoezi ya shabaha wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1969 ofisa wa ujasusi wa Israeli Shabtai Brill alinunua ndege za redio za madukani, akazitia kamera na kuzirusha juu ya Mfereji wa Suez. Abraham Karem, mwundaji wa ndege za mfano tangu ujana, alianza katika gereji yake Los Angeles kazi iliyozaa hatimaye ndege ya Predator, ambayo mwaka 2001 ilianza kubeba makombora. Sioni njia ya kuukana mstari huo, wala sitaki kuukana. Ninachosema ni kwamba unaithibitisha hoja badala ya kuibomoa: majeshi yalikwenda kwa watu hawa kwa sababu ndiko waliko waliokwisha kuanguka mara mamia na kujua sababu. Makosa ya kimaadili ya matumizi yanawahusu walioyaamua, na baadhi yao walikuwa waundaji wenyewe.

Kando ya njia hiyo kulikuwa na nyingine. Maynard Hill, aliyefanya kazi katika maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kama Walter Good kabla yake, alitumia uzee wake kuunda ndege ya balsa ya chini ya kilo 5, kikomo cha uzito kinachotambuliwa na shirikisho la kimataifa la anga, ili ivuke Atlantiki. Macho yake yalikuwa yamefifia kiasi kwamba kisheria alihesabiwa kuwa kipofu, akawa anaunda kwa kupapasa. Zilizotangulia zilipotea baharini. Tarehe 9 Agosti 2003 moja ilirushwa kutoka Cape Spear, Newfoundland, na baada ya saa 38 na dakika 52 ikatua karibu na Clifden, Ayalandi, ikiwa imekwenda kilomita 3,030 kwa mafuta ya taa za kambi yasiyofika galoni moja. Hakuna kampuni iliyohitaji jambo hilo. Liliwezekana kwa sababu kila ndege iliyozama iligharimu kiasi ambacho wastaafu wachache na marafiki zao wangeweza kuchangishana.

Lipo swali la mwisho: je, hayo si yamekwisha? Leo ndege ya plastiki ya povu hununuliwa ikiwa kamili, ina jairoskopu ndogo inayoisawazisha, na mtoto huirusha siku hiyo hiyo. Kwa Afrika Mashariki, ambako viwanda vya ndege ni adimu, matunda yalifika yakiwa yameiva: mwaka 2016 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walianza kupiga picha Unguja na Pemba kwa ndege ndogo za povu, mwaka huo huo Zipline ikaanza kupeleka damu kwenye hospitali za Rwanda kutoka Muhanga, na mwaka 2018 ndege ya Wingcopter ilivusha dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40. Mtu angesema hiyo inatosha, tununue tu. Lakini ndege za povu zimefanya balsa isiwe ya lazima bila kuifanya kazi ya mkono isiwe ya lazima. Bamba la povu la kufungashia, kisu, gundi ya moto na mota nne za bei ndogo hutoa ndege inayoruka, na ikianguka inaunganishwa hapo hapo uwanjani. Kinachobana sasa ni sheria zaidi ya vifaa. Kenya na Tanzania zinadai kibali kwa chombo chochote cha namna hii, na sababu za usalama ni za kweli, hasa karibu na viwanja vya ndege. Marekani nayo inadai usajili, ila kwa wanaorusha kwa burudani imeacha nje kila ndege isiyofika gramu 250, kwa hoja kwamba uzito huo haumdhuru sana mtu ukimwangukia. Waundaji wa huko wameikamata nafasi hiyo, wakaanza tena kupima kila ubavu kwenye mizani, wakitafuta ndege yenye vibao vyote na redio kamili ndani ya gramu 249. Mamlaka za Nairobi na Dodoma zingeweza kuweka mstari kama huo kwa ukurasa mmoja wa kanuni.